Sauti Isiyo na Meno

Kikombe kilianguka kutoka mezani, kikavunjika, na hakuna aliyeshtuka.

Hilo ndilo lililotangulia, na kama Sikio asingekuwa amechoka siku ile, labda angelitia maanani. Alikuwa akihangaika na waya nyuma ya spika za studio yake, kiwiko kikakisukuma kikombe, akakiona kikienda, akakunja uso kuungoja mpasuko wake kwenye sakafu ya saruji. Mpasuko haukuja. Kilichokuja ni kile kinachofuata baada yake: vigae vikijiviringisha, vikilia polepole, vikinyamaza. Chiriku, mwimbaji mteja wake, alikuwa ameketi kwenye kochi akipaka rangi kucha zake, na hata kichwa hakuinua. Aliviona vigae baadaye alipotafuta viatu vyake, akauliza kikombe kimevunjika lini.

Sikio alijiambia ni masikio. Yamechoka tu, kama mgongo unavyochoka. Akafagia, akaendelea na kazi.

Jina lake halisi alilijua mkewe na waliomwandikia kitambulisho. Wengine wote walimwita Sikio, kwa kuwa angeweza kukaa mlangoni akakwambia gitaa lipi kati ya matano limelegea uzi. Kazi yake ilikuwa kuchanganya muziki. Wenzake walikuja wakapiga, wakaimba, wakacheka, wakaenda makwao kulala. Yeye akabaki na sauti zao ndani ya kile chumba kisicho na dirisha, juu ya karakana ya mafundi cherehani, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani, akizipanga sauti zile zisikanyagane. Humo ndani hujui kama nje ni mchana au ni jioni. Ukitoka, jua linakuchoma macho kama mwizi aliyemulikwa tochi.

Sasa, ili tuelewane, sina budi kuwaelezeni jambo moja la kazi yake. Mafundi wa aina yake husema kila sauti ina meno na ina nyama. Gonga meza. Ile *ta* ya kwanza, pale kidole kinapokutana na ubao, hayo ndiyo meno. Mvumo unaofuata ndio nyama. Ngoma ina meno, gitaa lina meno, hata neno lina meno pale ulimi unapoliachia. Siku hizi kompyuta hunasa meno yote, hata yale ambayo sikio la mtu lisingeyahitaji, ndiyo maana nyimbo nyingi ukizisikiliza saa nzima unaumwa kichwa na hujui umekosea wapi. Mashine za zamani za kurekodia kwenye utepe hazikuwa hivyo. Utepe ulikuwa unayameza meno kidogo kidogo, na kilichobaki kilitoka laini, cha mviringo, chenye joto, kama mkate mkavu uliochovywa kwenye chai.

Na wateja wote, jamani, walikuwa wanalitaka joto hilo. Chiriku ndiye aliyezidi. Kila Sikio akimchezea wimbo wake, Chiriku alifumba macho akasema, ‘Ongeza kidogo.’ Akiongeza, akasema tena, ‘Ongeza kidogo.’ Kompyuta ilikuwa na programu za kuigiza utepe, Sikio akazijaribu zote, na zote zilikuwa kama kula picha ya wali.

Ndipo aliposikia kuna mjane anauza mashine halisi. Mumewe alikuwa fundi mitambo wa redio, na redio ilipotupa vyombo vyake vya kale yeye aliiokota moja akaenda nayo nyumbani. Sikio aliikuta sebuleni, kubwa kama jiko, imefunikwa shuka. Mtoto wa yule mama, jibaba zima lenye kishindo, ndiye aliyesaidia kuibeba, akikanyaga ngazi kana kwamba zina deni naye, na mama yake akamwangalia akatabasamu, akasema huyu mnayemwona nusura tumkose, alitaka kutufia tumboni. Kisha akamsimulia Sikio habari za marehemu. Alikuwa mtu mpole mno, alisema. Humsikii akiingia.

Walipofika mlangoni ndipo akaongeza neno moja.

‘Marehemu alikuwa anaipitishia ngoma na magitaa tu,’ alisema. ‘Sauti ya mtu, baada ya ile mara moja, hakuipitisha tena.’

Mtu mwingine yeyote angeuliza, mara moja gani? Lakini Sikio alikuwa fundi, na mafundi wa muziki hubishana jambo hilo hilo usiku na mchana: huyu anapenda sauti ya mwimbaji ipite kwenye utepe, yule anasema utepe unaifunga pua. Akadhani marehemu alikuwa wa kundi la pili. Akaona ni suala la ladha, kama chumvi. Akamshukuru mama, akaondoka na mashine yake.

Mwanzoni alifanya kama marehemu. Akapitisha ngoma, akapitisha magitaa, na yaliyotoka yalimfanya akae chini. Mafundi cherehani wa chini walipanda ngazi kuuliza ni wimbo gani huo. Ikawa na harufu pia ile mashine ikipata moto, harufu ya vumbi linaloungua, na ndani yake kitu kitamu kidogo, kama maziwa yaliyoshika chini ya sufuria. Hakuijali. Mashine ya zamani haiwezi kunukia waridi.

Chiriku naye alikuwa na wimbo mpya, wimbo wa mama anayemngoja mtoto ambaye hajazaliwa, na hapo ndipo Sikio alipofanya kosa ambalo nadhani ni fundi wa muziki peke yake angelifanya.

Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anangoja. Mkewe alikuwa mjamzito, mimba ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Nyumbani kwao hakukuwa na nguo hata moja ya mtoto. Hakuna aliyethubutu kununua. Mama mkwe alikwishakuja na begi lake kumwangalia binti yake, na kila asubuhi aliamka akamtazama usoni kwanza kabla hajasema habari za asubuhi. Kliniki, muuguzi alipoweka kile kifaa tumboni, mapigo ya moyo wa mtoto yakajaa chumba, *tuk-tuk, tuk-tuk*, mbio mbio, kama mtu anayekimbia pekupeku akiwahi mahali. Mke alilia. Mkono wa Sikio, kwa mazoea tu, ulikwishachomoa simu ukarekodi.

Akayachukua mapigo yale akayafanya ngoma ya wimbo wa Chiriku.

Akayapitisha kwenye utepe, peke yake, bila gitaa wala kinanda. Akakata kipande cha utepe, akakiunga ncha kwa ncha kikawa duara, akakizungushia kwenye mguu wa stendi ya maikrofoni ili kiende kirudi, kiende kirudi, bila kuisha. Akaongeza joto. Yale meno ya kila pigo yakalainika, yakawa kama mtu anayekimbia kwenye mchanga, kisha kama mtu anayekimbia kwenye pamba, na Sikio, mwanaume mzima, akaweka kichwa mezani akalia kwa uzuri wake. Chumba kizima kilinukia maziwa yaliyoungua. Chiriku alipokuja kusikiliza hakusema ongeza kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alisema basi, inatosha.

Duara lile Sikio hakulisimamisha. Aliliacha lizunguke wakati akifanya mengine, kwa kuwa lilikuwa linamliwaza. Hata siku ile ya kikombe lilikuwa linazunguka.

Na nyumbani mambo yakaanza.

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza, maana wengine walikuwa na mawazo yao. Alikuwa anatwanga vitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha jikoni, akasimama, akautazama mchi. Akapiga tena. Mchi ulifika chini bila kugonga. Kinu kikavuma tu, *mmm*, kama kinamkubalia jambo. Akakiinua akakipindua kuangalia kama kimepasuka. Siku ya pili kiberiti kikawaka bila ule mkwaruzo wa kijiti. Mlango wa bafu ukabamizwa na upepo, na mke aliyekuwa ameketi karibu nao hakupepesa jicho. Alikwenda sokoni mama mkwe, akarudi, akagonga mlango, akagonga, akagonga mpaka vifundo vikamuuma, na binti yake alikuwa upande wa pili palepale anakunja nguo. Alipofunguliwa hakufoka. Alikaa kwenye kiti, mzigo mapajani, akamtazama mkwewe Sikio na kusema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtu mzima, ameishi nyumba nyingi, nyingine zina panya na nyingine zina kunguni, lakini nyumba hii imeingiwa.

‘Mama, ni uchovu,’ Sikio alisema.

‘Uchovu wa mlango, mwanangu?’

Mke alicheka. Lakini alipokwenda kulala alimshika mumewe mkono akauweka tumboni, akanong'ona asije mama yake akasikia.

‘Hapigi teke tena,’ alisema. ‘Anasukuma. Kama mtu aliye ndani ya godoro.’

Sikio alikaa na mkono wake pale. Alingoja. Kweli kitu kikaja, kikavimba taratibu chini ya kiganja chake, kikapotea, na hakikuwa na mwanzo. Hukuweza kusema sasa ndipo kimeanza. Yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuujua mwanzo wa kila kitu alijua kabisa anachokigusa, na akajikaza asijue.

Kliniki muuguzi aliweka kifaa, akakihamisha, akakihamisha tena, akapaka mafuta mengine. Akaenda kuleta kifaa kingine. Kilichosikika ni mvumo, ukipanda na kushuka, kama friji ya jirani. Mtoto yupo, alisema muuguzi, moyo upo, lakini haugongi vizuri, na uso wake aliugeuzia ukutani aliposema hivyo. Akawaambia warudi kesho asubuhi daktari amwone, na mama apumzike. Njiani mke alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni la maji na anaogopa kumwaga. Sikio alimfikisha nyumbani, akamwacha na mama yake, akasema anakwenda kazini mara moja.

Alipanda ngazi za studio adhuhuri ile, mafundi cherehani wakimsalimia, na akatambua kwamba sindano za cherehani zinapanda na kushuka na hakuna inayogonga.

Mashine ilikuwa inazunguka. Akatoa simu, akatafuta yale mapigo ya kwanza, yale ya kliniki ambayo hayakuwahi kupita kwenye utepe wowote, akayacheza. Yalikuwa mvumo. Meno hayakuwepo hata kwenye simu. Akaketi. Akasikiliza duara kwa vipokea sauti, akisikiliza sasa kama fundi, si kama baba, na chini ya mvumo wa moyo wa mwanawe akasikia kitu ambacho siku zote alikuwa anakiita kelele za utepe, kitu chenye majimaji, kikivuta na kuachia, kikivuta na kuachia, na akakifahamu: ilikuwa sauti ya kibogoyo anayemumunya pipi bila haraka yoyote, kwa kuwa anajua hakuna wa kumnyang'anya.

Akauzima umeme.

Duara likasimama, pakawa kimya, na hata hajavuta pumzi vizuri simu ikaita. Alikuwa mama mkwe. Alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu aliyejifungia chooni. Mtoto ametulia, alisema. Ametulia kabisa, sasa hivi tu, na mkeo anapiga tumbo anamwita. Sikio akawasha. Duara likazunguka. Upande wa pili wa simu akasikia mkewe akivuta kwikwi, na mama mkwe akisema alhamdulillahi, amesogea, amesogea.

Basi ndiyo hivyo. Kuizima hawezi, kuiacha hawezi. Akabaki amesimama, simu mkononi, na nyuma yake spika, ambazo hakuwa amezifungua, zikatoa maneno mawili, kwa sauti iliyokosa mlango wa kuingilia, sauti uliyoikuta tayari imo masikioni mwako bila kuisikia ikija, na haikuwa ya mwanaume wala ya mwanamke, ila maneno aliyajua, aliyasikia kila siku ya kazi yake.

‘Ongeza kidogo.’

Alitaka kukimbia. Miguu ilikataa, na ilikataa si kwa hofu peke yake; ilikuwa imechoka, miaka na miaka ya kukaa kwenye kiti kile ilikuwa imemshukia yote kwa pamoja. Akampigia mama mkwe akamweleza kila kitu, bila kuficha. Mama mkwe hakumlaumu. Alisema namtuma mtu, usiguse chochote, na usimwambie mwenzio.

Mtu aliyekuja alikuwa mganga ambaye chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la rangi, bwana mmoja mwembamba, shingo kafunga taulo, macho mekundu, anapiga chafya ngazi nzima. Sikio alimtazama akavunjika moyo. Mganga alivuta kiti akakaa.

‘Nina mafua, sinusi kitu,’ alisema. ‘Niambie wewe, inanukaje?’

Sikio akamwambia. Vumbi linaloungua na maziwa yaliyoshika chini. Mganga akaitikia kwa kichwa, akaitazama mashine kwa muda, akaangalia utepe unavyokwenda mpaka kwenye stendi na kurudi. Hakuchoma kitu wala hakusoma kitu. Alisema jini lile ni la zamani, limezaliwa bila meno, na kitu kisicho na meno hula cha wenzake. Ngoma na magitaa kwalo ni makombo, linaonja tu. Sauti ya mtu ndicho chakula. Na sauti ya mtu ambaye hajazaliwa, ambaye meno yake hajayatumia hata mara moja, hiyo fundi wewe umeliandalia karamu.

‘Nivunje mashine?’

‘Ukivunja sahani, chakula kinakwenda wapi?’ Mganga akajifuta pua. ‘Hili halifukuzwi. Linahamishwa. Unalipatia kingine likaacha hicho. Swali ni moja tu, fundi: utepe huu ukiurekodi juu yake, cha zamani kinakwenda wapi?’

Sikio akaeleza. Ndani ya mashine kuna vichwa viwili vidogo vya chuma ambavyo utepe unavipita. Cha kwanza kinafuta. Cha pili, kando yake, kinaandika. Utepe ukifika, unafutwa kwanza ndipo unaandikwa. Na alipokuwa akisema hivyo akalielewa analolisema. Kati ya kichwa na kichwa pana nafasi, upana wa ukucha. Hapo utepe unakuwa hauna kitu. Hapo mwanawe atakuwa hayupo popote.

‘Ndipo hapo,’ mganga alisema kwa sauti ya chini. ‘Ukichelewa hapo, ukisita, ukiwa kimya kidogo tu, litakuwa halina cha kushika ila yeye. Unaweza?’

Sikio akasema hajui. Lilikuwa jibu la kweli. Kisha akaweka maikrofoni mbele ya kifua chake, akavua viatu akavivaa tena kwa kuwa viatu vina kishindo, akasafisha koo. Mganga akapiga chafya mara ya mwisho, akajibana pua asimharibie. Fundi akaanza kupiga makofi kabla hajabonyeza, ili kusiwe na pengo, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi kwa goti, na duara likaingia.

Akapiga makofi, akakanyaga sakafu, akagonga meza kwa vifundo, akaita hodi, hodi, hodi, jina la mkewe, jina lake mwenyewe lile ambalo hakuna aliyelitumia, akagonga tena, na kila alichokitoa alikisikia kikitoka kwenye spika nyuma ya kichwa chake muda huohuo kikiwa laini zaidi, kikimumunywa, naye akazidisha, akapiga kifua chake kwa ngumi mahali moyo ulipo, akapiga kelele za utotoni, akasema yale maneno yanayoanza kwa kishindo, piga, kata, tupa, pita, paa, mate yakiruka kwenye maikrofoni, jasho likimwingia machoni, mikono ikiwa mizito kama amebeba maji tangu asubuhi, na uchovu wake wote wa miaka ukimwambia pumzika kidogo tu, kofi moja tu uliruke, nani atajua, na kila alipotaka kuruka aliuona ule upana wa ukucha, utepe mtupu ukipita kati ya kichwa na kichwa bila kitu juu yake, akapiga, akapiga, mpaka akatazama viganja vyake vikikutana mbele ya uso wake, vyekundu, vimevimba, na havikutoa sauti zaidi ya mito miwili ya kulalia ikikutana.

Ile harufu ikampanda puani, kooni, kifuani. Kisha chumbani haikuwepo tena.

Mganga aliachia pua yake, akanyoosha mkono akaizima mashine mwenyewe. Simu ikaita. Sikio hakuwa na nguvu za kuishika, mganga akampokelea akamwekea sikioni, na mama mkwe hakuwa ananong'ona tena. Alikuwa analia waziwazi, na nyuma yake mke anacheka, anasema ananiumiza, mama, tazama, ananipiga mateke ya mbavu.

Chini, cherehani zilikuwa zinagonga zote, kama mvua ya mawe kwenye bati.

‘Mashine usiivunje,’ mganga alisema akikaza taulo lake shingoni. ‘Ifunike. Kaa nayo. Siku yako ya kufa ikifika, hilo lililohamia kwako litataka mahali pa kurudi, na likikosa chuma chake litatafuta damu yako.’ Akafika mlangoni, akageuka, akamtazama kwa huruma ambayo Sikio hakuipenda. ‘Umelipa vizuri,’ alisema. ‘Wengine husita.’

Mtoto alizaliwa wa kike, na alilia. Loo, alilia huyo. Kilio chake cha kwanza kilikuwa na meno kama msumeno. Muuguzi aliyemshika alirudi nyuma hatua, akasema huyu kaja na barua ya malalamiko. Mama mkwe alikwenda sokoni siku hiyohiyo akarudi na nguo za mtoto mkono mzima. Wimbo wa Chiriku ulitoka na ngoma ya kawaida, ngoma ya kompyuta, kali. Alilalamika siku mbili, kisha akaizoea.

Sikio aliacha kupokea kazi nyingi. Alisema amechoka, na watu walikubali, kwa kuwa hata maneno yake siku hizi yalikuwa ya mtu aliyechoka: ungemwona akizungumza, na ungeelewa alichosema baada ya yeye kunyamaza. Dukani aliagiza mara tatu. Barabarani alitembea katikati ya watu wakamkanyaga, wakageuka kumwomba radhi kana kwamba ametoka ardhini. Nyumbani alikuwa na furaha, wala nisiwadanganye. Alikuwa anakaa karibu na kitanda cha mtoto anamsikiliza akigonga kijiko kwenye ubao, *ta, ta, ta*, saa nzima, na ulikuwa muziki mzuri kuliko wote aliowahi kuuchanganya. Yeye mwenyewe alimpigia makofi, na mtoto hakugeuka. Alimwita, na mtoto hakugeuka. Lakini baadaye kidogo mtoto aliinua pua yake ndogo, akanusa, kisha akamgeukia akacheka.

Alasiri moja alirudi kutoka studio, alikokwenda kubadilisha shuka la mashine. Chiriku alikuwa amekuja kumwona mtoto na zawadi yake, wako sebuleni yeye na mke, chai mezani, mlango umerudishwa nusu. Sikio akagonga. Akagonga tena, akaita hodi, akaita tena, akasukuma mlango ukafunguka, akasimama kizingitini mkono bado uko juu ya ubao. Wanawake walikuwa wanazungumza mambo yao. Mtoto peke yake, mapajani mwa mama yake, ndiye aliyeinua pua.

‘Na baba yake je?’ Chiriku alikuwa anauliza. ‘Anasaidia huyu, au ndiyo wale wale?’

Mke alimpangusa mtoto mdomo, akatabasamu.

‘Huyu wangu nimebahatika,’ alisema. ‘Mtu mpole mno. Humsikii akiingia.’